Masomo ya mtandaoni yasiwaache watoto wa vijijini

Mhariri,

Tangu shule zifungwe Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo ya mtandaoni yamesifiwa sana, na kwa haki: mwanafunzi wa chuo anayefanya kibarua mjini Kisumu husikiliza mhadhara usiku na kuurudia hadi auelewe, bila kulipa nauli. Lakini mtoto wa kijijini huko Nyakach, katika kaunti hiyo hiyo ya Kisumu, ambaye simu ya nyumbani ni moja na huondoka na mzazi alfajiri, atasomaje? Hata bando likipatikana, hakuna mwalimu wa kumwona akikunja uso hesabu zinapomshinda, jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 imezikabidhi kaunti maktaba, naisihi yetu iweke humo kompyuta na intaneti ya bure, na izifungue hadi jioni.

Mzazi,
Kondele, Kisumu