Amani nayo ina fomu, bajeti na tarehe ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Rotary, ule mtandao wa dunia wa klabu za huduma, ikitajwa huku Kusini, kinachokuja kichwani ni matone ya polio, madawati na kisima chenye kibao. Ni wachache wanaojua kwamba klabu hizohizo huchangia kuwasomesha watu amani chuoni, kwa gharama zote, na kwamba kimojawapo cha vyuo hivyo ni Makerere, Kampala. Naandika kwa sababu watu ambao mpango huo uliwekwa kwa ajili yao wamejaa Liwale, Newala na Kilwa: maafisa maendeleo ya jamii, wasaidizi wa kisheria, walimu, maafisa ardhi. Wakiusikia hudhani ni mambo ya mabalozi.

Nianze na Makerere. Kozi ya pale ni ya cheti cha kitaaluma na ilianza kupokea watu mwaka 2021. Ni ya mwaka mmoja, lakini haimtoi mtu kazini mwaka mzima, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Huanza na wiki 2 za utangulizi kwa mtandao, zikafuata wiki 10 za darasani pamoja na ziara za mafunzo. Kisha mwanafunzi hurudi kwao kwa miezi 9 kutekeleza mradi aliouombea nafasi, huku akihudhuria vipindi kwa mtandao, na mwishoni hukutana tena na wenzake kwa wiki 1. Rotary hulipa ada, malazi, chakula, nauli ya kwenda na kurudi na gharama za ziara. Chuo Kikuu cha Bahçeşehir, Istanbul, nacho kina kozi ya cheti. Anayetaka shahada ya uzamili huenda Bradford (Uingereza), Uppsala (Uswidi), Queensland (Australia) au Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kikristo, Tokyo, kwa miezi 15 hadi 24, ila asome nje ya nchi yake.

Masharti ya msingi ni shahada ya kwanza, Kiingereza kinachoeleweka, na uzoefu wa kazi inayohusiana: miaka 3 kwa uzamili, miaka 5 kwa cheti. Kwenye neno hilo "inayohusiana" ndipo watu wetu hujiengua wenyewe kabla hawajaenguliwa. Uzoefu wa amani si lazima uwe wa kuvaa kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa. Afisa mifugo wa Kilwa ambaye, tangu mifugo iliyotolewa bonde la Usangu ianze kushuka Lindi mwaka 2006 na 2007, amekuwa akikaa katikati ya mwenye shamba la ufuta na mwenye ng'ombe, huyo ana uzoefu kuliko wengi watakaokaa naye darasani. Hajui tu namna ya kuuandika.

Kuandika kwenyewe ndiko kunakoangusha wengi. Insha ya mwombaji wa Kitanzania hupenda kuanza na "Tanzania ni kisiwa cha amani", ikaendelea hivyo mpaka ukurasa unaisha na hakuna mgogoro uliotajwa. Anayesoma fomu hana haja na sifa za nchi. Anataka mgogoro mmoja, ulipo, pande zake, chanzo chake, kilichojaribiwa kikashindikana na sababu ya kushindikana, halafu wewe utafanya nini katika ile miezi 9. Wasomi wa fani hii, tangu Johan Galtung katika miaka ya 1960, hutenganisha amani ya kutopigana na amani ya mambo kwenda sawa: haki kugawanywa vizuri, taarifa kupatikana, rushwa kuwa ndogo, jirani kuelewana na jirani. Mtwara haihitaji kutafuta mfano mbali. Kabla ya ghasia za gesi za Januari na Mei 2013 mji ulikuwa umetulia, hakuna aliyekuwa akirusha jiwe. Lakini swali la nani atafaidika na gesi itakayopita kwenye bomba kwenda Dar es Salaam lilikuwa likizunguka mitaani bila jibu linaloeleweka. Mwombaji anayeweza kuchambua hilo kwa aya mbili, bila kulaumu wala kupaka rangi, ameshinda nusu ya mtihani.

Yapo na makosa madogo yenye madhara makubwa. Mwanachama hai wa Rotary haruhusiwi kuomba, wala mwenzi wake, watoto, wajukuu au wazazi wake. Na aliyejitoa klabuni husubiri miezi 36. Kwa hiyo klabu inayotafuta mgombea kwa kutazamana mezani inapoteza muda. Itoke iende kwenye ofisi za kata, vituo vya msaada wa kisheria na redio za jamii. Barua za mapendekezo nazo ni tatizo: bosi huandika "ni mchapakazi na mwaminifu", maneno yanayomfaa hata mlinzi wa geti, badala ya kusema mgogoro gani mtu huyu aliushughulikia na ukaishaje. Mwombaji amwandikie bosi wake ukurasa mmoja wa kumkumbusha matukio na tarehe. Si udanganyifu huo, ni kumsaidia mtu mwenye mafaili mengi. Mwisho ni ruhusa. Mtumishi wa umma akisubiri apate nafasi ndipo aombe kibali cha kuondoka wiki 10, anaweza kuikosa safari akiwa na barua ya kukubaliwa mkononi. Mazungumzo na mwajiri yaanze siku fomu inapoanza kujazwa.

Sasa fedha, maana watu huuliza klabu ya mji mdogo inaingiaje katika jambo la vyuo vikuu. Mchango wa mwanachama kwenye mfuko wa mwaka wa Rotary haupotelei Marekani. Baada ya miaka 3, takriban nusu yake hurudi kwenye wilaya ya Rotary iliyochangia. (Wilaya hapa si ya mkuu wa wilaya, ni eneo kubwa lenye klabu nyingi za Rotary.) Fungu hilo linaweza kupelekwa kwenye vituo vya amani, au likatumika kwenye miradi, na amani na kuzuia migogoro ni mojawapo ya maeneo 7 yanayokubalika. Ruzuku kubwa huanzia bajeti ya dola 30,000, na lazima klabu ya hapa ishirikiane na klabu ya nchi nyingine. Mfuko wa dunia wa Rotary huongeza senti 80 kwa kila dola 1 itokayo kwenye fungu la wilaya, kwa hiyo dola 16,667 za wilaya huvuta 13,333 na bajeti ya chini inatimia. Fedha taslimu za klabu hazivuti nyongeza hiyo, na zikipitishwa kwenye mfuko hutozwa asilimia 5 juu yake. Ruzuku hizi hazinunui ardhi wala majengo. Na kabla ya kuomba lazima tathmini ya mahitaji ifanyike na wananchi wenyewe, kwa maandishi. Sharti hili klabu nyingi huliona usumbufu, ilhali ndilo linalookoa mradi.

Chukua mfano wa mikorosho. Mkorosho uliotunzwa hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, maana matawi yake hutanda mita 6 kila upande. Mtu akipanda mita 2 tu kutoka mpakani, baada ya miaka michache matawi yako kwa jirani. Korosho haichumwi, huokotwa chini. Iliyodondoka ng'ambo ni ya nani? Mwenye mti anasema yake, mwenye kivuli anasema yake, na watoto wa pande zote mbili wako chini ya mti saa 12 asubuhi na ndoo. Ongeza na salfa: mmoja anapuliza, mwingine hapulizi, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unahama kutoka kwa mvivu kwenda kwa mwenye bidii. Ongeza na urithi, kwani kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao mila inafuata upande wa mama. Mzee akifariki, wapwa wanadai mikorosho ya mjomba, watoto wanadai mikorosho waliyoipalilia na baba. Ongeza na rehani, ambapo mti umewekwa dhamana kwa mdomo, shahidi ni mmoja, naye kahamia Dar.

Mgogoro wa aina hii mahali pake pa kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe 7, wasiopungua 3 wawe wanawake, wanapendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu. Kazi yao ni kusuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo halitoi tena hukumu ya ardhi, linasuluhisha, na lina siku 30 kabla shauri halijapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Maana yake ngazi zote mbili za chini zinahitaji ufundi wa kusuluhisha, na ufundi huo hauji na cheo. Hapa ndipo klabu ya huduma inapofaa kuliko kwenye kibao cha "Tudumishe Amani" barabarani.

Mafunzo ya vijiji 10 ni watu 70. Wasikusanywe wote ukumbi mmoja. Makundi mawili ya 35, siku 5 kila kundi, na zaidi ya nusu ya muda wafanye mazoezi: mmoja anakuwa mwenye mti, mwingine jirani, wa tatu msuluhishi. Wajifunze kusikiliza kila upande hadi mwisho kabla ya kwenda shambani, kwenda shambani na pande zote mbili kwa pamoja, kuanza na wazee waliopanda mbono kaburi au mkonge wa mpakani, na kupima kwa kamba mbele ya macho ya wote. Kisha daftari. Kila shauri namba yake, tarehe, majina, mpaka unaanzia wapi unaishia wapi, wamekubaliana nini, korosho za msimu huu zinagawanywaje, sahihi au dole gumba. Nakala 3: moja kwa kila upande, moja kwa mtendaji wa kijiji. Suluhu ya mdomo hudumu mpaka bei ya mnada ipande.

Yanayoharibu mafunzo haya yanajulikana. La kwanza ni posho. Mradi ukilipa posho kila kikao, siku mradi unapokwisha na baraza linakwisha. Afadhali klabu itoe daftari, mhuri, kamba ya kupimia, baiskeli 2 na kabati la kufungia kumbukumbu, na chakula siku za mafunzo tu. La pili ni msimu. Ukiita watu kati ya Oktoba na Desemba, utapata wasiokuwa na mikorosho. Wenye migogoro wako shambani wanaokota. Juni hadi Agosti ni salfa, palizi, na kwa wengi jando na unyago. La tatu ni wanawake wa kujaza idadi. Wajumbe 3 wanakaa nyuma, hawaulizwi kitu, wakati shauri lenyewe ni la mjane. Mwezeshaji awape zamu ya kuongoza kikao cha mazoezi tangu siku ya kwanza.

Kisima nacho ni suala la amani, ingawa fomu hukiweka kwenye fungu la maji. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, maji yako chini sana na kila ndoo ina thamani. Klabu ikichimba kisima pembeni ya kitongoji cha mwenyekiti bila kikao, imepeleka maji na ugomvi kwa pamoja. Kabla ya mtambo kufika, mkutano mkuu uamue mahali, mchangiaji wa eneo aandike kwamba ameliachia, chombo cha watumia maji kinachotambuliwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, kishike uendeshaji, na bei ya ndoo ijulikane, pamoja na nani asiyelipa. Ufunguo wa pampu ukae kwa watu wawili wa vitongoji tofauti. Kilwa na Liwale, penye wafugaji, sehemu ya kunyweshea mifugo itengwe mbali na ndoo za watu, na njia ya ng'ombe kwenda huko iwe imechorwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Isipochorwa, itapita kwenye ufuta.

Mambo haya mawili, masomo na huduma, hukutana kwenye ile miezi 9 ya Makerere. Mwanafunzi anatakiwa awe na mradi wa kutekeleza kwao. Klabu ina vijiji 10 vyenye mabaraza yasiyo na ufundi. Pande hizi mbili zikizungumza kabla ya fomu kujazwa, mwombaji anaandika jambo lililo hai, na klabu inapata mtu wa kulisimamia.

Kwa miaka ya karibuni dirisha la maombi hufunguliwa Februari na kufungwa Mei 15. Huku kwetu hiyo ni baada ya korosho kuuzwa na katikati ya mvua ambazo hukata barabara na umeme kwa pamoja. Klabu zitangaze Desemba, ziketi na waombaji Januari na Februari, na fomu zitumwe kabla ya Aprili, mtandao ukiwa bado unashika.

Msomaji wenu,
Masasi, Mtwara