Chanjo ya HPV: neno la muuguzi lina uzito

Mhariri,

Chanjo ya kirusi cha HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, inatolewa Tanzania nzima tangu 2018, na tangu 2024 dozi moja inatosha kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kinachokwamisha mara nyingi ni maneno. Muuguzi akisema "mkipenda, mleteni", mama huenda kuuliza jirani, na huko uvumi kwamba chanjo huleta ugumba unamsubiri. Akisema "leo binti anachanjwa begani, una swali?", wengi hukubali. Baba naye aelezwe mapema. Akisikia mwishoni, hukataa. Halafu wasichana wachanjwe wameketi, wapumzike dakika 15: mmoja akizirai kwa woga mbele ya foleni, darasa zima hutawanyika.

Wahudumu wa chanjo,
Morogoro