Msiulize "Umeelewa?", Semeni "Nionyeshe": Barua kwa Wauguzi na Matabibu Vijana wa Kliniki za Pumu

Wanangu, marahaba.

Sare nimeshaivua, lakini hivi karibuni nilimsindikiza dada yangu hospitali, nikakaa kwenye benchi kama ndugu wa mgonjwa yeyote. Nesi mmoja kijana, mpole, mwenye lugha nzuri, alikuwa akimweleza mama wa makamo namna ya kutumia pampu zake. Alieleza kila kitu, ila kwa haraka, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mwisho akauliza, "Umeelewa, mama?" Mama akajibu ndiyo, akatia pampu zote mbili kwenye mkoba, akaondoka. Nilimfuata nje nikamuuliza ipi ni ya kila siku na ipi ni ya wakati wa kubanwa. Akainamisha macho, akasema atamuuliza mwanawe jioni.

Nawaandikia kwa sababu ya ile "ndiyo". Kwetu, mtu mzima mwenye heshima zake hawezi kumwambia nesi mbele za watu kwamba hajaelewa. Na asiyejua kusoma ndiye anayeitika upesi kuliko wote, kwa kuwa ameizoea kazi ya kuificha aibu hiyo tangu utotoni.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe kwa miaka mingi. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, mama muuza samaki wa kukaanga, ambaye hakuwahi kukanyaga darasani. Alikuja usiku mara tatu katika msimu mmoja wa baridi, kifua kinapiga miluzi, mabega yamepanda. Tunamwekea nebulaiza, ile mashine ya kuvutisha dawa kama mvuke, anapata nafuu, kesho yake anarudi kwenye karai lake la mafuta. Kwenye faili lake niliandika kwa mkono wangu huu: "Hafuati maelekezo. Elimu: hakuna." Mara ya tatu wodi ilikuwa tulivu, nikamwambia anionyeshe anavyofanya akiwa nyumbani. Alivuta pumzi ndefu, akaizuia kifuani, ndipo akabonyeza. Dawa yote ikamtoka mdomoni kama moshi. Nikamuuliza iko wapi ile ya kahawia, ya kinga. Akasema ipo nyumbani ndani ya kikombe. Aliitumia siku mbili, haikufungua kifua, akaona mbovu.

Fikirini hapo, wanangu. Mama yule alikuwa amefikiri vizuri kabisa. Dawa isiyomfungua mtu aliyebanwa ni mbovu, kama hakuna aliyemweleza kwamba kazi ya hii ni kutuliza uvimbe wa ndani ya mirija ya hewa, polepole, siku baada ya siku, hata siku ambazo anajiona mzima. Mimi nilikuwa nimemweleza, ndiyo. Nilimweleza nikiwa nimesimama, macho yangu yakiwa kwa mgonjwa anayefuata.

Ni kweli kwamba katika nchi nyingi wenye elimu ndogo ya darasani wanaonekana kuwa na pumu isiyodhibitiwa kuliko waliosoma, na mimi nimeyaona hayo kwa miaka yangu yote ya kazi. Lakini msiyabebeshe yote darasa. Huyu asiyesoma ndiye anayepika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha. Ndiye anayekesha kwenye vumbi la mashine ya kukoboa. Ndiye anayenunua pampu moja leo, akaisubirisha nyingine mpaka biashara ichangamke, na akiambiwa achague, atanunua ile ya bluu inayomfungua papo hapo. Muulizeni habari ya pesa taratibu, faragha, kabla hamjaandika kwamba ni mkaidi. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA umeacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa ya kufungua kifua peke yake, bila ya kutuliza uvimbe. Kama pesa yake inatosha moja tu, hilo ni jambo la kuzungumza naye na daktari siku hiyohiyo, asiachwe akaamue peke yake kwenye dirisha la dawa.

Na waliosoma je? Nilikuwa na mwalimu wa sekondari mwenye shahada, karatasi ya ndani ya boksi anaisoma bila kukwama. Naye hakujua kubonyeza, na pampu ya kinga aliiacha kabatini akiogopa kwamba "ataizoea". Hakuna aliyemtaka aonyeshe, kwa sababu tuliona kusoma kwake kunatosha. Yeye naye tulimwangusha.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wa pumu wasiosoma vizuri wanaujua ugonjwa wao kidogo na wanakosea pampu zaidi. Habari hii inarudiwa sana, na wengi wanakomea hapo. Lakini mwaka 2005 utafiti mwingine wa hukohuko uliwafuata waliolazwa kwa pumu kali, wakafundishwa mmoja mmoja na kurudiwa mpaka wakaweza. Wasiosoma vizuri walianza wakiwa nyuma, ila hawakushindwa kujifunza wala kukumbuka walichofundishwa. Mimi sikushangaa. Waulizeni bibi zenu habari za Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya Tanzania ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili nchini walikaa kwa vikundi kuzunguka redio juma baada ya juma, mmoja akiwasomea wenzake kijitabu, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Mama yangu mzazi hakujua kuandika jina lake, na choo chetu kilichimbwa mwaka ule kwa sauti yake yeye.

Kwa hiyo neno langu ni moja: mwambieni mgonjwa "Nionyeshe". Mpeni pampu mkononi, kaeni chini mlingane naye macho, mtazameni akifanya. Je, ametikisa? Ametoa pumzi kwanza? Midomo imebana vizuri? Anabonyeza pale anapoanza kuvuta, na anavuta polepole? Anaizuia pumzi mpaka kumi? Atakapokosea, fanyeni ninyi, kisha afanye yeye tena. Na akirudi baada ya mwezi, hata kama mnamjua, aonyeshe tena, maana mkono unasahau.

Mtu akishindwa kupatanisha kubonyeza na kuvuta, hasa mtoto au mzee, mtafutieni chemba, kile chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo na kuishika dawa wakati anavuta. Kama hakuna, chupa ya plastiki ya nusu lita inafaa: tobo kitakoni linaloushika mdomo wa pampu sawasawa bila kuvujisha, mgonjwa anavutia kwenye shingo ya chupa. Si ubahili huo. Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliipima kwa watoto waliobanwa, wakachapisha matokeo mwaka 1999, na chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chemba ya dukani.

Kwa asiyesoma, msiandike 1x2 mkadhani mmemaliza. Chora jua na mwezi kwenye boksi la ile ya kinga. Ifungeni uzi, ili hata gizani vidole viijue. Mwambieni aiweke pamoja na mswaki, avute kwanza ndipo asukutue na kutema, ili asipate utando mweupe mdomoni. Yupo mmoja aliyekuwa akitoboa kalenda ya ukutani kwa sindano kila siku alipovuta, na sijaona kumbukumbu safi kuliko ile.

Msiulize "pumu inaendeleaje?" Atasema "nzuri, namshukuru Mungu", huku amelala ameketi wiki nzima. Ulizeni: wiki nne hizi umeamka usiku kwa kubanwa? Ile ya bluu unaivuta zaidi ya mara mbili kwa wiki? Mchana je, kifua kinakubana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna kazi umeiacha kwa sababu ya pumzi? Akiitika hata moja, hajatulia bado. Na mwiteni anayelala naye nyumba moja, ajue kwamba mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, au pampu ya bluu ikagoma kumfungua, ni hospitali saa hiyohiyo, hawasubiri kuche. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 455,000 vya pumu mwaka 2019, vingi katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. Nawajua kwa sura baadhi ya waliokufa wakisubiri kuche.

Najua mtaniambia: foleni, mama, foleni. Mama wa samaki alinichukua kama dakika kumi. Usiku mbili alizokuja kabla ya hapo zilituchukua muda gani, na zilimchukua yeye nini?

Baada ya hapo alikuwa anakuja mchana, kwa miguu yake, tarehe ya kliniki. Jiko alilihamishia nje chini ya bati. Siku moja nilichelewa, nikamkuta kwenye benchi amemshikia pampu kijana mmoja wa chuo, anamwambia kwa ukali wa mzazi, "Toa pumzi kwanza, baba. Toa yote. Haya, sasa."

Mama yenu,
Nesi mstaafu