Uyuni Februari: someni kabla ya kufunga mizigo

Wanakikundi, habari za jioni. Salar de Uyuni, uwanda mkubwa wa chumvi nchini Bolivia, iko mita 3,650 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku mbili za mwanzo tutembee polepole, pombe hapana. Kichwa kikiuma na kugoma kupoa, na kutapika kukianza, huo ni ugonjwa wa mwinuko: semeni mapema. Tiba ni kushuka chini.

Februari ni mvua, ndiyo maana tutapata kile kioo cha maji: maji ya kina kifupi juu ya chumvi yanayoakisi anga. Kinataka upepo uliotulia, basi alfajiri bila visingizio! Kisiwa cha Incahuasi, kilicho ndani ya uwanda huo, huenda tusifike, maji yakizidi magari hayavuki.

Leteni mabuti ya mpira (maji ya chumvi huharibu viatu vya ngozi), miwani myeusi na losheni ya jua. Ipakeni hadi chini ya kidevu na matundu ya pua: mwanga hupiga kutoka chini pia.