Abiria waelezwe upekuzi wa uwanjani kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo moja kuhusu vile abiria wanapekuliwa kwa viwanja vya ndege, na kabla mtu hajaniambia napinga usalama, sipingi hata kidogo. Wakenya tunajua ni kwa nini tunapekuliwa. Bomu la ubalozi wa Amerika Nairobi Agosti 7, 1998 hatujalisahau, shambulio la magaidi la Westgate 2013 hatujalisahau, la Dusit 2019 pia, na ndio maana hapa Kisumu ukiingia supamaketi tu unafungua mkoba kabla hata hujaambiwa. Lakini yule askari wa supamaketi anakwambia "mama habari, hebu nione mkoba, haya karibu" na imeisha. Ukienda kupanda ndege lugha inabadilika ghafla, inakuwa ni Kizungu cha mbio, amri juu ya amri, na mtu ambaye hajawahi kusafiri anabaki amesimama pale hajui atoe nini aache nini na watu nyuma yake wanaguna.

Nimesafiri hivi majuzi na shangazi yangu, mama wa miaka sabini na kitu kutoka upande wa Siaya, alikuwa anaenda Uingereza kuona mjukuu. Hapa Kisumu tulipita salama, shida ilikuwa kwa uwanja mwingine tulipoenda kupanda ile ndege kubwa. Shangazi alipasuliwa goti akawekwa chuma ndani, kwa hivyo akipita kwa ule mlango wa kupima lazima ulie. Akaambiwa rudi. Ukalia. Vua viatu, toa saa, toa mshipi, hadi kilemba akavua na mlango bado unalia, afisa anapandisha sauti kwa Kiingereza na shangazi anamwambia kwa Kiswahili kizuri kabisa "mwanangu ni hili goti, nilipasuliwa" na hajibiwi. Mwishowe akapapaswa hapo hapo mbele ya foleni nzima, wanaume na vijana wanamwangalia, kichwa wazi, mikono juu. Niliumia sana. Viwanja vingi duniani abiria anaweza kuomba akaguliwe kando, faragha, na mtu wa jinsia yake, lakini utaomba aje kitu ambacho hujawahi kuambiwa kipo?

Kumbe kuna kitu kingine pia kilikuwa kinamsumbua na nilikuja kujua baadaye tukiwa tumekaa tunangoja ndege. Alikuwa anaamini ule mlango unamuona uchi! Nikamweleza hapana shangazi, ule unasikia chuma tu, hauchukui picha, na kale kakitambaa walikupangusa nako mikono ni ka kutafuta chembechembe za baruti. Akaniuliza mbona basi hawasemi. Sikuwa na jibu.

Halafu kuna mambo ya chakula, na hapa ndio naona watu wetu wa huku wanaumia zaidi juu hakuna mtu wa huku Magharibi mwa Kenya anaenda kuona watoto mikono mitupu. Shangazi alikuwa amebeba omena kavu, wale samaki wadogo, na chupa ya njugu ya kusaga, amekaanga na kusaga mwenyewe. Omena ikapita, njugu ikatupwa kwa pipa akiangalia. Kwake hiyo ni dharau tu, mbona kimoja kikubaliwe na kingine kikataliwe na vyote ni chakula? Na sababu iko, tena ni nzuri. Agosti 2006 polisi wa Uingereza waligundua njama ya watu waliotaka kuingiza vilipuzi vya majimaji kwa ndege za kwenda Amerika, wavifiche kwa chupa za soda. Tangu mwaka huo, kwa viwanja vingi kitu chochote cha majimaji kwa mkoba wa mkononi kinafaa kiwe kwa chombo kisichozidi mililita 100, na vyote vitoshe kwa mfuko mmoja wa lita moja unaoonyesha ndani. Asali, samli, mafuta ya kujipaka na njugu ya kusaga vyote vinahesabiwa hapo. Hata zile eksirei zinaonyesha vyakula kwa rangi ya chungwa, na vilipuzi vingi vinaonekana rangi hiyo hiyo, kwa hivyo mkoba uliojaa unga na vyakula vizito lazima ufunguliwe. Mtu akielezwa hivyo anaelewa, wazee wetu si wajinga.

Na ile njugu ingefika! Ingewekwa tu kwa sanduku kubwa linaloenda chini ya ndege. Pale kwa kupima mizigo waliuliza maswali yao yote kwa Kiingereza, shangazi akaitikia kwa kichwa kama vile wazee huitikia wasipoelewa, na sanduku likaenda. Sentensi moja tu, "mama una kitu cha majimaji au cha kupaka kwa huo mkoba?", ingetosha.

Katiba kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, cha 57 kinataka wazee waishi kwa heshima. Sasa naomba wanaosimamia viwanja vyetu, waweke sauti iliyorekodiwa kwa Kiswahili inayosikika foleni ikianza na si mtu akiwa ameshafika kwa mashine, waweke mabango yenye picha pale kwa kupima mizigo, na afisa aanze na Kiswahili kabla ya Kiingereza, si ati hawakijui, wakitoka zamu ndicho wanaongea. Na pazia la kumkagulia mzee kando lisiwe kitu cha kuombwa, apewe.

Disemba watu wa Busia, Vihiga, Kakamega na Siaya watajaa hapa Kisumu wakienda na kurudi, wengi ni wazee wanaotumiwa tiketi na watoto wao. Kurekodi sauti na kuchapisha mabango si kazi ya mwaka mzima, inaweza kuwa tayari kabla ya hapo.

Msomaji wenu,
Kisumu