Maiki iache nyumbani

Mudi ndugu yangu,

Za siku nyingi? Huku wazima, mama anakusalimu, mengine tutaongea. Shaweji kaniambia umekubali kuja Ijumaa kuwatafsiria watu ile filamu ya zamani isiyo na sauti, Piccadilly, kama unavyotafsiri zile za ngumi kibandani. Nakuomba sana, maiki iache. Njoo na udi wako, ule wa nyuzi.

Sikatai, sauti unayo. Lakini ile filamu Dupont, Mjerumani yule, aliitengeneza Uingereza bila sauti, ikatoka 1929, na watu wakati huo walishaanza kupagawa na filamu za kuzungumza. Wenye mali wakaingiwa na kiwewe. Wakaitia muziki, wakabandika mwanzoni kipande cha kama dakika tano, wanaume wawili wanaongea: Jameson Thomas, ndiye anayeigiza mwenye klabu, na John Longden. Basi. Anna May Wong, mwigizaji ambaye leo ndiye anayefanya watu waitafute hiyo filamu, hakuambulia hata neno. Kwenye majina nako Gilda Gray katangulizwa. Na wewe sasa unataka kumsemea!

Hayo majina yenyewe kwenye filamu yameandikwa ubavuni mwa mabasi ya London. Ukishaanza makelele yako nani atayaona?

Ngoja ufike pale mteja mmoja (Charles Laughton huyo, bado kijana) anapogomba kwa ajili ya sahani chafu. Bosi wa klabu anakwenda mwenyewe jikoni kutafuta mzembe, anakuta waosha vyombo wameacha kazi, macho yote kwa Shosho (ndiye Anna May Wong) anayecheza juu ya meza. Polepole, kiuno na mikono tu. Soksi imemchanika mguuni, na kamera haioni haya kuionyesha. Hapo utasema nini? "Mtoto kaiva huyo"? Wallahi nitazima umeme.

Halafu ile baa ya Limehouse, mtaa wa huko London, ugomvi unazuka kwa sababu mtu mweusi kacheza na mwanamke wa Kizungu, Shosho na bosi wake wanaona. Pale hata udi upumzishe kidogo. Sijui, utaamua mwenyewe, ila maiki hapana.

Ule uzi uliokatika umeshaufunga? Utaweza kuitazama mara moja kabla, nikutumie kwa simu? Utalala kwetu au kwa Shaweji? Na Shaweji nani atamwambia habari ya maiki, mimi au wewe?

Wako,
Hamisi