Mto Kentucky unasingiziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge dhana iliyoenea kwamba masaibu ya viwanda vya bourbon, aina ya wiski, hapa Kentucky, Marekani, yaliletwa na mafuriko ya Aprili 2025. Ni kweli kwamba mjini Frankfort mto ulipanda ukapita futi 48, ukikaribia kabisa rekodi ya mwaka 1978, na kwamba maji yaliingia katika kiwanda cha Buffalo Trace kilichopo ukingoni mwake, shughuli zikasimama. Hata hivyo tope liliondolewa, mapipa yaliyofikiwa na maji yakakaguliwa, na baada ya muda si mrefu wageni wakaanza kukaribishwa tena.

Tatizo lenyewe limelala ndani ya maghala. Kwa sheria ya Marekani, angalau asilimia 51 ya nafaka inayotengeneza bourbon lazima iwe mahindi, na kinywaji hicho huhifadhiwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa kwa ndani. Humo aghalabu hukaa miaka minne, sita au zaidi, kikipenya kwenye mbao wakati wa joto na kurudi wakati wa baridi, huku sehemu yake ikipotea kila mwaka kama mvuke, ambao huotesha kwenye kuta za maghala kuvu jeusi mithili ya masizi. Mimi si mnywaji, lakini hesabu yake naielewa: anayejaza pipa leo anabashiri kiu ya watu wa miaka ijayo, na wengi waliojaza biashara ilipopamba moto walibashiri kupita kiasi. Mwanzoni mwa 2025 Kentucky ilikuwa na mapipa zaidi ya milioni 16, ilhali wakazi wake ni kama milioni 4.5.

Januari 2025, miezi mitatu kabla ya mafuriko, kampuni ya vileo ya Brown-Forman ilikwisha kutangaza kupunguza takriban asilimia 12 ya wafanyakazi wake na kukifunga kiwanda chake cha kutengenezea mapipa mjini Louisville. Machi, majimbo ya Kanada yaliondoa vinywaji vya Marekani madukani kujibu ushuru wa Washington. Desemba, kampuni ya bourbon ya Jim Beam ikatangaza kwamba mtambo wake mkuu wa Clermont hautazalisha katika mwaka 2026. Hayo yote ni mambo ya soko na siasa, wala mto hauhusiki.

Ningependa waandishi wako wazifuatilie kaunti zenye maghala hayo. Kodi inayotozwa mapipa yanayokomaa, ambayo husaidia kuendesha shule na huduma za zimamoto, imepangwa kupunguzwa hatua kwa hatua kuanzia 2026 hadi ifutwe 2043, na viongozi wa kaunti waulizwe pengo hilo watalijaza kwa fedha zipi.

Msomaji wako,
Lexington, Kentucky